Subira ya Mti Katika Mwaka wa Ukame

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeziumba mbingu na ardhi kwa haki, akateremsha maji kutoka mawinguni kwa kipimo akijuacho Yeye peke yake. Tunamshukuru katika siku za mvua, na tunamshukuru katika siku za kiangazi. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Ewe Mola wetu, mteremshie rehema na amani Mtume wetu, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Mwenye kumcha Mola wake katika neema hatamkosa katika dhiki.

Ndugu Waislamu mliohudhuria hapa Bariadi, nanyi ndugu wasikilizaji mnaotufuata kwa redio huko Itilima, Maswa, Meatu na Busega, maneno yetu ya leo ni juu ya mti. Huenda akatokea mtu akastaajabu, akasema: Shehe ameacha habari za swala na zaka, ametujia na habari za mwituni. Lakini Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Sura ya Ibrahim amelifananisha neno jema na mti mwema, ambao asili yake imekita ardhini na matawi yake yameelekea juu, nao hutoa matunda yake kwa idhini ya Mola wake. Na Mtume wetu (S.A.W.) siku moja aliwauliza sahaba zake ni mti gani usiopukutisha majani, unaofanana na Muislamu. Wakaanza kuitaja miti ya jangwani, hali Abdullah bin Umar, aliyekuwa mdogo wao, ameshatambua moyoni kuwa ni mtende, ila aliona haya kusema mbele ya wakubwa. Basi kuutazama mti na kujifunza kwao ni katika mafunzo ya dini yetu.

Sisi watu wa Simiyu tunakijua kiangazi. Mvua zikikoma mwezi wa Mei, ardhi ya mbuga hupasuka nyufa, mito hubaki mchanga mtupu, na mifugo hukonda. Huo ni mwaka wa kawaida. Upo na mwaka mwingine, ambao mvua za Novemba hazitokei, au hutokea zikakatika mahindi yakiwa kimo cha goti. Wazee wanaikumbuka njaa ya mwaka 1974, na wengi miongoni mwetu tunakumbuka ukame wa mwaka 2006. Katika miaka kama hiyo mwenye ng'ombe huhama na ng'ombe wake. Kijana hupanda basi akaenda Mwanza kutafuta kibarua. Ndege huruka. Lakini mti hauna pa kwenda; umesimama pale pale ilipoanguka mbegu yake. Swali letu la leo ni hili: kiumbe huyu asiyeweza kukimbia huokokaje?

Wataalamu wa mimea wamelichungua jambo hili kwa muda mrefu, na waliyoyaona ni ya kuzingatiwa. Kila jani lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kwa vitundu hivyo mti huvuta hewa, ukaichanganya na maji kwa nguvu ya nuru ya jua, ukajitengenezea chakula. Lakini vitundu vikiwa wazi, maji ya mti nayo hutoka nje yakawa mvuke. Basi mti umewekwa baina ya mambo mawili: ukivifungua, unakula na kupoteza maji, ukivifunga, unayahifadhi maji na kukaa na njaa. Ukame unapoingia, mti huvifunga. Huchagua njaa kwanza ili usife kwa kiu. Sisi tufungao Ramadhani tunaweza kuuelewa uchaguzi huo.

Kiu ya mti ni nini? Ndani ya shina mna mirija myembamba sana, na maji hupanda humo kwa kuvutwa kutoka juu, kama uzi mmoja usiokatika tangu mzizini hadi jani la kileleni. Ardhi inapokauka, uzi ule wa maji hukazwa zaidi na zaidi. Ukipita kiasi, hewa hupenya mrijani, povu likatanda, na uzi ukakatika. Mrija huo haupitishi maji tena. Ikiharibika mirija michache, mti huvumilia. Ikiharibika mingi, tawi hukauka, kisha mti mzima hufa, hata kama shina lake bado lina akiba ya chakula.

Kwa hiyo Mola aliyeiumba miti ameipa kila moja njia yake ya kuikimbia hatari hiyo pasipo kuondoka mahali pake.

Utazameni mgunga, mti wa miiba mnaouona katika kila mbuga. Majani yake ni madogo sana, ili maji yapotee kidogo. Mche wake unapoota, hauna haraka ya kwenda juu. Huanza kwa kuupeleka mzizi chini kwa bidii, ili kiangazi cha kwanza kikifika uwe umekwisha kufikia udongo wenye unyevu. Yapo mengine makubwa zaidi. Watafiti walioipima migunga ya kaskazini mwa Tanzania, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2003, waliona kwamba usiku, majani yanapotulia, mizizi ya chini hupandisha maji kutoka kwenye udongo wenye unyevu, na baadhi ya maji hayo hutokea kupitia mizizi ya juu yakailowesha ardhi kavu. Mti uliochimba chini unainywesha ardhi ya juu wakati sisi tumelala!

Utazameni mbuyu. Shina lake ni laini na limejaa maji, na watu wengi hudhani kwamba huyanywa maji hayo kiangazi chote, mfano wa ngamia. Wataalamu walipoichunguza mibuyu ya Madagaska waliona kwamba mti huu hufanya jambo la busara zaidi. Kiangazi kikija hupukutisha majani yake yote, ukakaa uchi miezi mingi pasipo gharama. Kisha mvua zinapokaribia, kabla ya tone la kwanza, huyatumia maji ya shina kuchipusha majani mapya. Akiba yake hauiharibu kwa kurefusha anasa ya jana. Huiweka kwa ajili ya kuanza upya.

Na utazameni mgunga mweupe, ambao wengine huuita mkababu. Huu umekwenda kinyume cha miti mingine: huvaa majani wakati wa kiangazi na kuyapukutisha wakati wa mvua. Mizizi yake hufika chini sana, kwa hiyo hauiogopi jua. Mkulima akipanda mahindi chini yake, mti humwachia jua na mbolea ya majani katika msimu wa kilimo, na kiangazi huwapa mifugo kivuli na maganda ya kula.

Ndugu zangu, njia za miti hii ni mbalimbali, lakini jambo moja inashirikiana yote. Hakuna mti uanzao kujiandaa siku ukame ulipoingia. Mzizi mrefu uliteremshwa mvua zikiwapo. Maji ya shina yaliwekwa mvua zikiwapo. Chakula kilichofichwa mzizini kilitengenezwa majani yakiwa mabichi. Kiangazi hakimpi mtu wala mti kitu; hudhihirisha tu alichoweka.

Na hili ndilo fundisho la Nabii Yusuf (A.S.). Alipoletewa ndoto ya mfalme wa Misri, hakuwaambia watu wangoje njaa kisha walie. Aliwaelekeza walime miaka saba kwa juhudi, wakiache walichovuna katika mashuke yake, wasile ila kidogo, ili miaka saba ya shida ikifika wakute kitu. Mama zetu wa Kisukuma wameifuata hekima hiyo kwa viazi vitamu: huvikata, huvianika, wakaweka michembe na matobolwa ghalani, siku ambazo viazi ni vingi hata mbuzi wamevichoka. Subira katika dini yetu ina maana hiyo pia. Anayekaa amekunja mikono wakati wa neema, kisha akasema "ninasubiri" wakati wa shida, huyo hakusubiri, ameghafilika.

Lakini tusije tukadhani kwamba mwenye kusubiri hadhuriki. Miti yetu ya mbuga imezoea kiangazi tangu asili. Je, ile ya misitu mikubwa yenye mvua nyingi, ikinyimwa maji miaka mingi, inakuwaje? Jambo hili limejaribiwa katika msitu wa Caxiuanã, kwenye bonde la mto Amazon huko Brazil. Tangu mwaka 2002 wataalamu wamekinga mvua katika eneo la hekta moja ya msitu kwa paneli za plastiki zilizowekwa chini ya matawi, hata karibu nusu ya maji yaliyokuwa yakifika ardhini yakawa yanaelekezwa nje. Mwanzoni msitu ulionekana kuvumilia. Baada ya miaka michache miti mikubwa kuliko yote ikaanza kufa. Mwaka 2015 wataalamu walieleza kwamba haikufa kwa kuishiwa chakula; iliharibika ile mirija ya maji niliyoitaja. Katika miaka 15 hivi msitu ule ulipoteza zaidi ya theluthi ya uzito wa miti yake. Ndipo ukatulia. Taarifa iliyotolewa mwaka 2025, baada ya miaka 22, ilieleza kwamba miti iliyobaki haina tena dalili za kiu kali, kwa sababu walio wachache wanagawana maji yaliyopo.

Mna mafunzo mawili hapa. La kwanza: kiumbe wa Mwenyezi Mungu ana uwezo wa kustahimili kuliko tunavyodhani. La pili: kustahimili kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa kwanza na wakubwa, miti ambayo imechukua karne kukua. Msitu umebaki, lakini si ule wa mwanzo. Basi mtu asiseme, "Miti imezoea, itajitengenezea yenyewe," kisha akaizidishia ukame kwa shoka.

Na hapa, ndugu zangu, nakiri mbele yenu kosa langu mwenyewe, kwani anayewaonya watu hana budi aanze na nafsi yake. Mwaka ule wa 2006 tulikuwa tukijenga chumba cha chuo chetu kidogo cha Qur'ani. Matofali yalihitaji kuni za kuchomea, na kuni zilikuwa ghali kwa sababu ya hali ya mwaka ule. Uani palikuwa na migunga mitatu, ambayo watoto walikuwa wakisomea kivulini mwake. Vijana wakaniuliza: "Shehe, tuikate hii?" Nikasema: "Ikateni, mingine itaota." Haikuchukua muda wa nusu saa kutoa idhini hiyo. Kiangazi kilichofuata watoto wetu walisoma ndani ya chumba kipya chenye joto la tanuri, na upepo ukirusha vumbi mpaka kwenye misahafu.

Alikuwapo jirani yetu, mzee mfugaji wa Kisukuma, ambaye si wa dini yetu. Akaja akatusalimu, akavitazama vile visiki, akaniambia: "Mwalimu, hii miti hamjaiua. Izungushieni miiba, mbuzi wasifike. Mwakani mchague chipukizi moja nene kwa kila kisiki, mengine mpunguze." Nikamwambia: "Mzee, mvua zenyewe hakuna." Akajibu: "Mizizi ina chakula chake. Ninyi zuieni mbuzi tu." Tukafanya kama alivyosema. Visiki viwili vilichipua, na leo ni migunga miwili mikubwa, na wanafunzi wamerudi kivulini. Kisiki cha tatu tulikuwa tumekwisha kuking'oa na mizizi yake tukachoma mkaa. Mahali pale mpaka leo hapajaota kitu.

Kila nikipita hapo huikumbuka idhini yangu ya nusu saa. Namwomba Mwenyezi Mungu msamaha, na nakuombeni ninyi msiifuate.

Nasema maneno yangu haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwingi wa kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake muaminifu, jamaa zake na sahaba zake.

Enyi Waislamu, aliyotuambia mzee yule si mambo mapya katika nchi hii. Mkoa wetu wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa wilaya za Mkoa wa Shinyanga, na historia yetu ni moja. Wazee wa Kisukuma tangu zamani walikuwa na ngitili, yaani sehemu ya malisho na miti iliyofungwa wakati wa mvua, isiguswe na mifugo, ili ifunguliwe katikati ya kiangazi kikali. Nyingine zilikuwa za mtu na jamaa zake, nyingine za kijiji kizima. Ngitili ni hekima ile ile ya mbuyu: unajinyima penye wingi ili ukute kitu penye uchache.

Kisha mambo yakabadilika. Tangu miaka ya 1920 mapori ya Shinyanga yalifyekwa chini ya serikali ya kikoloni ili kuondoa mbung'o. Mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, mkaa ukawa biashara. Katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vipya, ngitili nyingi ziliachwa bila mlinzi. Nchi ikawa kavu hata Shinyanga ikaitwa Jangwa la Tanzania. Mwaka 1986, ulipoanza mradi wa serikali wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, ngitili zilizohesabiwa zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu.

Mradi ule ulijaribu mwanzoni kugawa miche. Lakini lililofanikiwa zaidi lilikuwa kurudi kwenye desturi ya wenyeji: kuifunga ardhi na kuiachia mizizi iliyokuwa hai chini ichipue yenyewe. Mikutano ya kijiji, iitwayo dagashida, ilipanga sheria, na sungusungu wakazilinda. Mradi ulipomalizika mwaka 2004 zilikuwa zimerudishwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Ile ardhi iliyoitwa jangwa haikuwa imekufa. Ilikuwa kama visiki vya chuo chetu: ilihitaji kuachwa ipumue. Njia kama hiyo imeenezwa katika miaka ya karibuni huko Dodoma pia, nayo inaitwa Kisiki Hai.

Ndugu zangu, jambo hili lina jina katika sharia yetu. Linaitwa hima. Mtume (S.A.W.) aliihifadhi sehemu ya malisho ya Naqii karibu na Madina, isiguswe ila kwa maslahi ya umma, na makhalifa wake wakaifuata sunna hiyo. Sayyidna Umar (R.A.) alipomweka msimamizi wa hima, mtu aitwaye Hunayy, alimpa maagizo ambayo kila kamati ya ngitili yafaa iyajue. Alimtaka awe mpole kwa watu na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Kisha akamtaka amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na awazuie matajiri wawili wakubwa wa Madina, Abdur-Rahman bin Auf na Uthman bin Affan, ambao wote wawili walikuwa sahaba watukufu. Sababu yake aliieleza: matajiri hao mifugo yao ikifa, watarudi kwenye mitende na mashamba yao, lakini maskini mifugo yake ikifa, atakuja na watoto wake kumlilia Khalifa.

Sasa tujiulize kwa ukweli. Ukame unapokaza, ngitili ya kijiji inapofunguliwa, nani anaingia kwanza? Je, ni mjane mwenye mbuzi wanne, au ni mwenye ng'ombe mia tatu, aliyekwisha kumpa mlinzi chochote usiku? Tukiingiza kundi la mia tatu siku ya kwanza, wiki ya pili hapana jani, wiki ya tatu magome yanatafunwa, na mwaka unaofuata hapana chipukizi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Mshirika hana haki ya kumaliza fungu la mwenziwe.

Na katika habari ya mkaa nasema kwa uangalifu. Mwenye kukata mti mbichi katika mwaka wa njaa, mara nyingi si mfisadi. Ni baba ambaye watoto wake wamelala bila kula, na gunia la mkaa ndilo debe lake la mahindi. Kabla ya kumlaumu aliyeshika shoka, tuulize kama jiko lake liliwaka jana. Sayyidna Umar, katika ukame wa mwaka 18 wa Hijra, uliojulikana kwa jina la mwaka wa Ramada, hakula samli mpaka watu wote walipoipata, na aliandika kwa magavana wake walete chakula Madina. Aliye na ghala leo na jirani yake anachoma mkaa, naye ana sehemu yake katika kuanguka kwa mti ule. Sadaka itolewayo mapema ndiyo inayolinda pori.

Basi nakuusieni mambo manne, ambayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, kisiki kilicho hai kisichimbwe. Kizungushiwe miiba, chipukizi bora lichaguliwe, mifugo izuiliwe. Na asikate mtu kisiki kile kile kila mwaka, kwa kuwa akiba ya mizizi nayo ina mwisho.

La pili, mwenye kupanda mche aupande mvua zinapoanza, kisha aumwagilie katika kiangazi chake cha kwanza. Mti mkubwa husubiri kwa sababu mizizi yake imefika mbali. Mche haujafika popote. Kuupanda kwa sherehe na kuuacha ufe mwezi wa Agosti si sadaka, ni uharibifu.

La tatu, kila msikiti na kila chuo cha Qur'ani katika mkoa huu kiwe na miti yake. Maji ya udhu yanayomwagika kila siku mara tano yanatosha kulea mti mmoja au miwili, yakielekezwa penye shina badala ya kuachwa yafanye tope mlangoni.

La nne, kamati za ngitili zitunge zamu ya kuingia, na waanze wenye mifugo michache. Waislamu walio katika kamati hizo wawe mfano kwa majirani zao wa dini zote. Ukame hauulizi dini ya mtu, na mzee aliyenifundisha kulea kisiki hakuniuliza yangu.

Mtume wetu (S.A.W.) ametubashiria kwamba Muislamu akipanda mti, kila anachokula humo mtu, mnyama au ndege ni sadaka kwake. Na ametufunza kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Ikiwa mche unapandwa siku dunia inapokwisha, vipi tutaukata mgunga uliosimama miaka hamsini, kwa sababu ya kiangazi kimoja?

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mswalieni Mtume wenu. Ewe Mola, mrehemu na umpe amani Bwana wetu Muhammad, na uwe radhi na makhalifa wake waongofu na sahaba zake wote.

Ewe Mola wetu, tunyeshee mvua yenye manufaa, isiyo na madhara, ya karibu isiyochelewa. Zinyweshe mbuga zetu na mito yetu, mto Simiyu na vijito vyake vyote. Wahurumie wazee wenye kurukuu, na watoto wanyonyao, na wanyama walao majani. Ewe Mola, usituadhibu kwa yale tuliyoyakata kwa mikono yetu, na utupe umri wa kuyarudisha. Wape viongozi wetu uadilifu, wape matajiri wetu huruma, wape maskini wetu riziki ya halali. Tujaalie tuwe wenye kuweka katika neema, wenye kusubiri katika shida, na wenye kugawana katika hali zote mbili. Amin.

Simameni kwa swala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.